Vidole vya Fundi Kathini

Pale soko la Kabati, mtu akitaka ukuta wake upigwe plasta uwe laini hata mjusi akose pa kushika, alimtafuta Kathini. Alianza kama mtu wa mkono, yule wa kubeba karai za mchanga na kuchanganya simiti, na wanaume wa mjengo walimcheka mpaka wakachoka. Miaka ilivyokwenda wakaanza kumwita Fundi, na kicheko kikaisha. Kathini hakuwa mtu wa kugombana. Akiona kona imepinda, alisimama tu mbele yake, akaitazama bila neno, mpaka aliyeipinda akaona haya akaibomoa mwenyewe.

Bintiye, Mutindi, aliyekuwa akisoma chuo cha ufundi kule mjini Wote, ndiye aliyeona tangazo la kampuni ya ujenzi ya Polandi iliyokuwa ikitafuta mafundi wa plasta. Akazipiga picha kuta za mama yake, akazituma. Haukupita muda mrefu, jibu likaja kwamba wanamtaka, na mkataba huu hapa.

Mumewe, Mulei, alikuwa dalali wa mbuzi. Alijua bei ya kila beberu kutoka Tseikuru mpaka hapo sokoni, lakini habari hiyo ilimpata vibaya.

“Polandi ni upande gani?” akauliza.

“Ni Ulaya.”

“Wako na mbuzi?”

“Baba Mutindi, mimi naenda kupiga plasta.”

“Nauliza tu. Nchi haina mbuzi ni ya kuogopa.”

Jamaa mmoja wa sokoni alimshauri Kathini asijisumbue na makaratasi mengi. Aende kwa viza ya utalii, akishafika ajichanganye na watu wa mjengo.

“Mimi mtalii?” Kathini akamjibu. “Na mwiko wa plasta kwenye begi? Nitawaambia nimekuja kuangalia nini, ndovu wao?”

Alitaka viza ya kazi, yenye jina lake, aingie kwa mlango kama watu. Kwa hiyo siku ya miadi alifika kwenye kituo cha viza Nairobi akiwa na kila kitu kilichotakiwa: pasipoti, mkataba, na picha ambayo alipopigwa alikatazwa kutabasamu, amri ambayo haikumpa shida hata kidogo.

Mhudumu alikuwa msichana aliyeandikwa “Naila” kifuani. “Mama, weka vidole vinne hapo kwa kioo,” akasema.

Kathini akaweka. Taa nyekundu ikawaka.

“Bonyeza kidogo.”

Akabonyeza.

“Si hivyo, mama, utavunja!”

Naila akafuta kioo. Akavifuta vidole. Akamwita mwenzake, naye akaushika mkono wa Kathini na kuugeuzageuza kama anayechagua nyanya. “Mama, unafanya kazi gani?”

“Fundi. Plasta.”

“Ndio maana. Simiti imekula alama zote. Mashine haioni.”

“Haioni vipi na vidole nimeviweka juu yake?”

“Inaona vidole,” akasema Naila kwa upole. “Haioni ni vya nani.”

Wakampa miadi mingine, na masharti. Asiguse simiti. Asifue kwa sabuni kali, asisugue sufuria, apake mafuta asubuhi na jioni, ngozi itajirudisha. Kathini alitoka nje akasimama kando ya barabara akiitazama mikono yake. Ndiyo iliyomlipia Mutindi karo. Ndiyo iliyompa jina la Fundi. Sasa imekataa kumtaja.

Nyumbani Mulei alisikiliza masharti yale yote akiwa ameshika kikombe cha chai.

“Kufua?”

“Hapana.”

“Kuosha sufuria?”

“Hapana.”

“Hata kuchota maji?”

“Kamba ya mtungi inakwaruza.”

Mulei akaweka kikombe chini. “Sasa wewe utakuwa ukifanya nini?”

“Nitakuwa nimekaa.”

Na kweli akakaa, ingawa kukaa kulimshinda kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Mulei alimfunga punda mitungi akashuka kisimani, ambako wanawake walimpisha kwenye foleni kwa heshima kubwa, kisha wakaangua kicheko kabla hajafika hata kwenye kona. Alipika muthokoi, mahindi yale ya kukobolewa, ukagonga meno kama kokoto. Alifua nguo nyekundu pamoja na nyeupe, akaenda sokoni na shati la rangi ya waridi, na wauza mbuzi wenzake hawakuweza kukubaliana bei siku hiyo kwa kucheka.

Mutindi alimletea mama yake glavu nyeupe za pamba. Jumapili ya kwanza Kathini alipoingia nazo kanisani, waumini walimtazama yeye kuliko walivyomtazama mhubiri. Wengine walinong'ona kwamba amepata ugonjwa wa ngozi. Wengine wakasema ameanza maringo kabla hajapanda ndege. Mchungaji, ambaye alikuwa ameelezwa ukweli, alimwita mbele, akaiinua mikono ile yenye glavu na kupaza sauti, “Bwana, zirudishe zile alama!” Kanisa zima likaitikia amina kwa nguvu, ingawa hakuna aliyejua ni alama gani.

Jambo moja lilimkosesha Kathini raha. Kabla ya kwenda Nairobi alikuwa ameanza kazi kwa Sufian, mfanyabiashara aliyejenga nyumba mpya nyuma ya soko. Nikahi ya bintiye, Nusaiba, ilikuwa inakaribia, na wageni wangepokewa sebuleni humo. Kathini aliacha ukuta mmoja haujapigwa. Sufian, kwa kukosa la kufanya, akamchukua fundi mwingine, Ndululu, aumalize.

Kathini alipitia pale siku moja pamoja na Mulei, eti kusalimia tu. Alipoingia sebuleni akasimama wima. Ukuta wa Ndululu ulikuwa na mawimbi, naye mwenyewe alikuwa juu ya jukwaa la mbao akijaribu kuyasawazisha.

Mwanamkasi, mke wa Sufian, akamsogelea. “Dada yangu, umeona? Nimeweka kabati la vyombo hapo, linainama mbele kama linataka kunisalimia. Na wageni wangu wanatoka Mombasa!”

Kathini akaanza kuvua glavu ya mkono wa kulia.

“Mama Mutindi,” akasema Mulei, “rudisha hiyo kitu.”

“Ni kidogo tu, nanyoosha hapo juu.”

“Hapana! Nimechekwa kisimani kwa sababu ya hivyo vidole. Nimevaa shati la rangi ya mapambo ya harusi kwa sababu ya hivyo vidole. Havitashika simiti mbele yangu.”

Kathini akaichukua miko ya Ndululu, akachagua mmoja, akamnyooshea mumewe. “Basi shika wewe.”

Ndululu alishuka kwenye jukwaa bila kuambiwa, akaenda zake kuchanganya simiti. Ilionekana amepata nafuu.

Mulei hakuwahi kushika mwiko maishani. “Usipake kama siagi,” Kathini akamwambia. “Irushe.” Akairusha. Ikamkuta Ndululu akileta karai. Akarusha tena, ikashika kidogo, nyingine ikaanguka kwenye viatu vyake. Kathini alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yenye glavu mapajani, akisema maneno machache: juu, kushoto, toa, rudia. Mulei, ambaye sokoni hakuna aliyemshinda kwa mdomo, alitii kila neno. Jasho lilimtoka. Jioni walibomoa alichofanya, na asubuhi akaanza upya bila kununa.

Siku ambayo ukuta ulikuwa unakaribia kuisha, Kathini alimwona akisimama mbele ya kona, akiitazama kwa muda mrefu. Kisha, bila kuambiwa, akaikwangua yote na kuirudia. Kathini akageuza uso upande wa dirisha. Ndipo ilipomwingia vizuri kwamba anakwenda mbali na mtu huyu.

Ukuta ulipokauka Mwanamkasi alirudisha kabati mahali pake. Likasimama kiungwana. Wageni wa Mombasa walikula pilau wakaenda zao, na hakuna aliyeutazama ukuta hata mara moja, jambo ambalo kwa fundi ndiyo sifa.

Miadi ilipofika, Mulei alimsindikiza Nairobi akaachwa nje na mlinzi. Ndani, Naila alimkumbuka Kathini. Mkono wa kushoto, taa ya kijani. Mkono wa kulia, kijani. Kidole gumba kimoja kikasumbua. Naila akakipulizia, akakielekeza mwenyewe taratibu, nacho kikakubali.

“Mama, sasa inakujua,” akasema.

Viza ilikuja. Mulei aliikagua pasipoti mbele na nyuma, akamwuliza mkewe wameandika nini hapo. Kathini akamwambia wameandika kwamba anaruhusiwa kufanya kazi. “Kana kwamba kuna mtu angeweza kukuzuia,” akasema Mulei, akatoka kwenda kumfungua punda ambaye hakuwa amefungwa.

Baada ya Kathini kuondoka, watu walianza kumwita Mulei kazi ndogondogo, ukuta wa jikoni hapa, kibaraza pale, kwa kuwa walisikia alifundishwa na mkewe. Akamchukua Ndululu awe mtu wake wa mkono. Kathini alipiga simu mwisho wa juma. Alisema baridi ya huko inaingia mpaka kwenye meno, kuta zao ni ndefu, na wenzake ni watu wa kimya kama yeye.

“Lugha umeshika?” akauliza Mulei.

“Neno moja. Wanalisema kutwa nzima. Prosto.”

“Maana yake?”

“Sawasawa. Iwe imenyooka.”

Mulei alilipenda neno hilo. Jumatatu, Ndululu alipokuwa akisimamisha mbao za jukwaa upandeupande, Mulei alimwelekezea mwiko akapaza sauti: “Prosto, Ndululu! Prosto!”

Ndululu akaweka ubao chini polepole. “Fundi,” akasema, “nitukane mimi, mama yangu umwache.”