Mrusi Aliyeingizwa kwa Makosa

Agniya Yefimovna alizaliwa kando ya mto Amur, upande wa Warusi, katika kijiji kilicho juu kidogo ya mji wa Blagoveshchensk. Baba yake alikuwa Mkosaki, wa ukoo wa askari wapanda farasi wa mfalme wa Urusi, mtu wa ndevu na maneno makali. Mama yake alikuwa Mnanai, wa kabila la wavuvi wa mto ule, naye ndiye aliyempa binti macho membamba na mashavu mapana. Alipokuwa mtoto alichimba mahandaki shuleni, kwa sababu ng'ambo ya mto, China, walikaa maadui. Alipokwisha kuolewa, redio ikatangaza kwamba maadui wamekuwa ndugu. Wamekuwaje ndugu, hakuna aliyeeleza. Basi wahenga walisema ndugu wakipatana chukua kikapu ukavune, na Agniya akachukua mabegi.

Alivuka kwa feri kwenda Heihe, mji wa Kichina wa ng'ambo, akarudi amejitwika makoti na viatu, akauza sokoni, akasomesha mwana, akazika mume. Na huko Heihe akampata Guan Suqin, muuza chai na maandazi ya nyama, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na mkono mkunjufu. Waliongea lugha ya soko, nusu yako nusu yangu, wakaelewana kuliko mabalozi. Sasa wote wawili walikuwa wajane, na walikuwa wamepanga jambo: Agniya auze nyumba yake, ahamie chumba cha juu kwa Suqin, wazeeke pamoja. Mnunuzi alikuwa keshapatikana. Ilibaki kutia sahihi tu.

Julai ile kwaya ya wastaafu ikaalikwa ng'ambo kwenye Sikukuu ya Urafiki. Sikukuu zenyewe zinajulikana. Wakubwa hukumbatiana mbele ya kamera, kisha kila mmoja hurudi kwake kuangalia kama vidole vyake vimetimia. Lakini Agniya alipenda kuimba, na safari hii alipewa kuimba peke yake ubeti wa kwanza wa wimbo wa mto, huku Suqin akiwa ameahidiwa kiti cha mbele.

Mchana wageni wakapelekwa kula samaki katika mji mdogo wa kale. Mbele ya mkahawa palikuwa na jumba la makumbusho. Warusi hawaingii humo. Hakuna kibao kinachosema hivyo, lakini watu wa mtoni wote wanajua, na hakuna anayeuliza.

"Wanaficha nini humo, dhahabu?" aliuliza Klavdia, mwimbaji mwenzake.

"Wanaficha mambo yao," alijibu Kapitonich, mpiga kodiani na kiongozi wa kwaya. "Wewe kula samaki wako, mama, miiba isikukwame."

Agniya alikuwa amebanwa na haja, na foleni ya choo cha mkahawa ilikuwa haiendi. Akatoka kutafuta kwingine. Kichwani alivaa kofia ya jua aliyopewa na Suqin, mwilini blauzi ya soko la Heihe. Wakati huohuo basi la wazee wa Kichina kutoka Harbin lilikuwa likishusha abiria mbele ya lile jumba.

"Haraka, mama, wenzako wameshaingia!" mlinzi akamhimiza kwa Kichina, na mkono akampungia.

Angeweza kusema yeye ni nani. Lakini mtu aliyebanwa na haja hana uraia. Akaingia.

Choo alikipata. Tatizo ni kwamba njia ya kutokea ilipita katika ukumbi mkubwa wenye giza, na ghafla taa zikawaka juu ya mchoro uliojaa ukuta mzima, pakasikika sauti ya maji na ya watu wakilia. Agniya akaona mto. Akaona kona yake, na mwinuko wa udongo ukingoni. Aliujua mwinuko ule! Chini yake ndipo alipojifunza kuogelea. Juu yake walisimama Wakosaki na bunduki na mashoka, na ndani ya maji walikuwa watu, tele, akina mama wamenyanyua watoto juu ya vichwa.

Mwelekezaji alikuwa akisema, na Agniya aliokota maneno aliyoyajua. Mwaka elfu moja mia tisa, mwezi wa Julai. Wachina waliokuwa wakiishi upande wa Warusi. Walikusanywa, wakaswagwa hadi ukingoni, wakaambiwa waogelee kwenda kwao. Hapakuwa na mashua. Waliosita walikatwa. Maelfu.

Akamkumbuka bibi yake, mzaa baba, aliyekuwa hali samaki wa mwezi wa Julai hata uwaweke mezani wamekaangwa kwa siagi. Wao watoto walidhani ni mfungo wa kanisa. Mungu wangu! Bibi alikuwa akijua. Kijiji kizima kilikuwa kinajua, na yeye amefika uzee anacheka na kuchota maji pale.

Jioni, nyuma ya jukwaa, Suqin akamjia na maua.

"Shoga, umependeza! Ungekuwa na meno yote ningekutafutia mchumba."

Agniya hakucheka. "Nimeingia kwenye lile jumba."

Suqin akaangalia kushoto na kulia. "Nani kakuingiza?"

"Uso wangu. Suqin, ulikuwa unajua?"

"Sisi wote tunajua. Nilidhani na nyinyi mnajua, mnajifanya tu."

"Sikujua! Naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Sauti, dada, sauti. Binti yangu anafanya kazi forodhani. Ukilia hapa wataniuliza umelizwa na nini." Akamfuta machozi kwa kiganja, kama anayemfuta mtoto. "Bibi wa mama yangu aliswagwa siku ile. Alishika mkia wa farasi, farasi akavuka naye. Mdogo wake hakupata mkia."

Agniya akayapokea maua. "Na siku ya kwanza uliponipa chai? Mbona ulinipa?"

"Nilitaka kukuona kwa karibu. Nilijiuliza, ndio hawa? Nikakuta mtu mwenyewe anakohoa, hana hata skafu. Sasa nifanyeje? Nikakuongezea asali."

"Na chumba?"

"Chumba nimeshakipaka rangi. Ukija, njoo. Lakini kila mwaka siku hiyo nakwenda mtoni kuwachomea wafu wangu karatasi za tambiko, na ukishahamia utakuwa ndani ya nyumba, hutasema hukuona."

"Siku gani? Niambie, nitakuja nawe. Siku gani?"



"Leo," akasema Suqin. "Nimechoma alfajiri, ndipo nikaja kukusikiliza."

Jina la Agniya likaitwa. Akasukumwa jukwaani na Klavdia, akasimama kati ya bendera mbili. Wakubwa wa pande zote walikuwa wameketi wakitabasamu, na Suqin kwenye kiti chake cha mbele. Kapitonich akapiga mwanzo wa wimbo. Agniya akafungua kinywa, sauti haikutoka. Kapitonich akarudia mwanzo, akarudia tena. Watu wakadhani bibi kasahau maneno, wakampigia makofi kumtia moyo.