Kila Chenye Mdomo Hufunikwa

Skuta ililetwa na lori la mbao kutoka Geita, imelazwa ubavu juu ya magunia, na mtu wa kwanza kuipenda nyumbani kwetu alikuwa binti yangu. Alikuwa na miaka saba. Aliizunguka, akapapasa pale chini kwenye ubapa ambapo dereva huweka miguu, kisha akakaa hapo hapo, magoti yamebanana, mgongo umeegemea kiti. Akasema, "Mama, hapa sitaumia."

Ndiyo sababu baba yake aliinunua. Binti yetu ana siko seli, ugonjwa wa damu ambao watu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa, karibu kila ukoo una mtoto wake. Maumivu yakimshika hukamata nyonga na mapaja. Kwenye pikipiki ya kawaida lazima mtoto atanue miguu, na bodaboda wetu tuta kwao si kitu. Tulikuwa tunafika hospitali Shinyanga mjini mtoto amelia mpaka sauti imekauka, na mimi nimegombana na dereva tangu Tinde. Magari ya abiria nayo hayaondoki mpaka yajae. Daktari alishatuambia, tena kwa ukali: homa ikipanda msisubiri, mkichelewa mtampoteza. Mume wangu yuko kwenye maduara, mashimo ya dhahabu huko Geita, anakuja nyumbani mwamba ukimkatalia. Akainunua skuta kwa mchimbaji mwenzake aliyekuwa anarudi kwao, akanipigia simu. "Jifunze kuendesha. Hilo ndilo gari lako la wagonjwa."

Nikajifunza, kwenye uwanja wa shule, jioni, wanawake wenzangu wakinicheka. Wacha wacheke. Baiskeli naijua tangu utoto, kwa hiyo mizani haikunisumbua. Kilichonisumbua ni injini. Mimi nauza mafuta ya alizeti, nawapimia watu kutoka kwenye dumu, na mambo ya vyuma nilikuwa sijui hata oili inaingilia wapi. Lakini chombo kikiwa ndicho kinachombeba mwanao unajifunza tu. Nikajua kuchomoa kijiti cha oili na kukisoma. Nikajua kufungua plagi, kuisugua kwa msasa mpaka ing'ae na kuirudisha bila kuikaza kwa hasira, maana ya kwanza niliikaza kwa hasira ikaleta balaa. Nikajua kukung'uta ea klina, ile sponji inayochuja hewa, kila baada ya safari.

Vumbi la kwetu lazima nilisemee. Toka barabara ya lami ya Tinde hadi kwangu ni njia ya udongo, na mwezi wa saba upepo ukianza unaokota shamba la mtu unalihamishia kwenye uji wako. Ndiyo maana kwetu kila chenye mdomo hufunikwa. Mtungi una kifuniko, na juu ya kifuniko kuna kitambaa. Dumu lina kizibo, na chini ya kizibo kuna nailoni. Msichana akiolewa akaacha chombo wazi, mama mkwe haulizi mara mbili kama alilelewa. Basi nilipoona tenki la skuta, mdomo wake uko nyuma ya kiti kabisa, pale tairi linaporushia vumbi lote, nilishangaa mwenyewe wa kwanza aliishije. Nikatafuta kipande cha nailoni nene, nikakifunika juu ya kifuniko, nikakifunga kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Nikakaza. Mama mkwe alikuja, akaitazama, akanisifu. Si mtu wa kusifu.

Halafu skuta ikaanza kuzimika.

Haikuzimika nyumbani. Nyumbani ilikuwa inawaka kwa kiki moja. Ilikuwa inakimbia vizuri, nafika mbali, naanza kusahau, halafu inakohoa. Inakohoa tena, inalegea, inakufa. Ukipiga kiki mpaka mguu ufe ganzi, wapi. Ukikaa pembeni, ukapumzika, ukaongea na watu wa mashamba ya jirani mpaka habari ziishe, unapiga kiki inawaka, kana kwamba haijui kosa lake. Unakwenda tena, inakufa tena.

Nikampigia mume wangu. Akasema ni plagi. Jirani akasema ni plagi. Muuza mafuta ya chupa barabarani, ambaye mimi namshuku huchanganya, naye akasema plagi. Nikanunua plagi mpya, ikazimika na plagi mpya.

Nikaipeleka kwa fundi wa Tinde. Akabetua mdomo, akasikiliza, akafungua tenki kuangalia mafuta, akafunga, akapiga kiki. Ikawaka. Akanitazama. "Mama, hii si nzima?" Nikamwambia ngoja ipate moto. Akasema basi ni joto, skuta haziwezi mwendo wa mbali, nitembee nayo polepole na nikifika mbali niimwagie maji. Akafungua kabureta, akaipuliza, akaifunga. "Hii imepona." Kwa adabu kabisa akarudisha ile nailoni yangu na mpira, kama alivyoikuta. Nikaondoka, ikazimika. Nikairudisha. Akafungua tenki, ikawaka, akabadilisha koili. "Sasa imepona." Binti yangu alikuwa amekaa pale chini kwenye ubapa wake, akamtazama yule fundi bila kupepesa. Tulipoondoka akaniambia, "Na mimi huwa wanasema nimepona."

Nikamvuta karibu na magoti yangu, tukaendelea.

Nikaanza kuiogopa. Nasema wazi, niliiogopa ile skuta kuliko nilivyowahi kuogopa nyoka. Nilikuwa naamka nikimshika mtoto paji la uso, kisha natoka nje kupiga kiki, nisikie tu inawaka. Inawaka. Nafuu hiyo haikunifaa kitu, maana nilijua inapofia si nyumbani. Inafia katikati, ambako hata ukipiga kelele mbuzi ndio watakaogeuka.

Siku yenyewe homa ilipanda saa saba mchana. Asubuhi upepo ulikuwa baridi, na mtoto wa aina hii baridi ni adui yake. Alianza kusema mguu, kisha akasema kifua, kisha akanyamaza. Nikampa maji na dawa ya maumivu, nikamvika sweta na koti la baba yake, nikatandika kanga pale kwenye ubapa, nikamkalisha. Mama mkwe akasema, "Nenda, mimi napiga goti." Nikakanyaga udongo mpaka lami, Tinde nikaipita bila kusalimia mtu.

Tulikwenda vizuri. Nilikuwa naongea na skuta kwa sauti, naibembeleza, naitukana, nabembeleza tena. Mtoto alikuwa moto hata kupitia koti nausikia kwenye magoti. Tulipokaribia Didia ikakohoa.

Nikapunguza mafuta, nikaongeza, nikaitikisa kwa makalio kama mwendawazimu. Ikalegea, ikashika, ikalegea. Nikajua nikiendelea kuibana itanisogeza kidogo. Hapo mbele nikaona magari yamesimama pande zote mbili, watu wameshuka, kofia mkononi. Msiba ulikuwa unavuka barabara kwenda makaburini.

Kwetu msiba ukipita unazima. Tajiri wa ng'ombe anazima, lori la pamba linazima, bodaboda wanaobishana na kila mtu nao wanazima na kushuka. Anayepita na injini inanguruma mbele ya maiti, watu watamkumbuka kwa hilo hata akifa yeye. Na mimi mkono wangu uko kwenye ufunguo, najua nikizima haitawaka. Niliwaza kupita. Niliwaza kabisa, na nisingeona haya. Ila jeneza likatokea kati ya watu, na lilikuwa fupi. Mwanaume mmoja alilibeba peke yake, amelikumbatia kifuani.

Nikazima.

Nilimfunika mtoto uso kwa kanga, akaitoa. Akauliza kwa kisauti, "Mama, mbona wote wamezima?" Nikamwambia ni heshima. Akaendelea kutazama mpaka wakapita wote, wanawake nyuma, vumbi nyuma yao.

Magari yakawaka yote mara moja, kila mmoja akakimbilia kwake, na kabla sijapata wa kumpungia mkono barabara ilikuwa tupu. Nikapiga kiki. Nikapiga. Nikapiga huku nalia, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Wanaume watatu waliokuwa mkiani mwa msiba wakageuka, mmoja mzee, mikono bado ina udongo wa kuchimba kaburi. Wakaona mtoto. Wakaacha msiba wao wakaja.

"Pole, mayu," akasema yule mzee. Ndivyo Wasukuma tunavyomwita mwanamke kwa heshima, mama. "Panda, tukusukume."

"Hii haisukumwi," nikasema.

"Kila chombo kinasukumwa."

"Baba yangu, hii haina gia, magurudumu hayaigusi injini. Mtachoka bure."

Walinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa kwa uchungu, na kwa huruma yao wakaanza kusukuma hivyo hivyo, mimi juu, mtoto chini, wale wanaume wa watu wanakimbia kwenye lami na viatu vya msibani. Haikukohoa hata mara moja. Nikawapigia kelele waache. Wakaacha, wanahema, na mimi nikaona haya kwa kuwakemea watu wanaokwenda kuzika.

Mmoja akasema, "Mafuta yameisha hapo. Fungua."

Nilijua mafuta yamo, nilijaza mwenyewe. Nikafungua ili nimuonyeshe tu, kwa hasira, nimnyamazishe. Nikakata ule mpira kwa meno, nikatupa nailoni, nikazungusha kifuniko. Kilikuwa kizito, kimeng'ang'ania. Kilipoachia, tenki likavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, hewa inaingia ndani, mpaka yule mzee akarudi nyuma.

Mikono yangu iliielewa kabla yangu. Maisha yangu yote namimina mafuta kutoka kwenye dumu. Dumu jipya lisilotobolewa tobo la pili juu halimimini. Linatoa kidogo, linajikaza, linaacha. Mafuta hayatoki kama hewa haiingii, hilo hata mtoto wa sokoni anajua. Kifuniko cha tenki kilikuwa na katundu kake kadogo ka kupumulia, na mimi nikakaziba, nikakakazia na mpira, mama mkwe akanisifu. Kila mara fundi alipofungua kuangalia mafuta hewa ikaingia, ikawaka, akaniambia imepona, akaifunga tena kwa adabu.

Nikapiga kiki. Mara ya pili ikawaka.

Hakuna aliyeshangilia, tulikuwa kando ya msiba. Mzee aliweka kiganja kwenye kichwa cha binti yangu, akasema, "Nenda, mayu. Usisimame tena." Ile nailoni niliiacha kwenye lami ya Didia. Tenki nikalifunga na kifuniko chake kitupu, vumbi liingie likitaka, na haikukohoa tena mpaka getini hospitali.

Walimpokea mbio. Walimwekea oksijeni, wakamtundikia maji, kisha damu. Nesi mmoja aliniuliza kwa nini nimechelewa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Niliketi kwenye simenti kando ya kitanda mpaka kukapambazuka, na asubuhi homa ilikuwa imeshuka, midomo imerudi rangi, na daktari alipopita akasema safari hii tumewahi. Safari hii. Niliyasikia maneno hayo mawili kuliko mengine yote.

Binti yangu alikuwa macho, anatazama dari.

"Mama, yule mtoto wa jana, walimzimia wote?"

"Wote."

"Hata malori?"

"Hata malori."

Akafumba macho. Nikadhani amelala.

"Na mimi watanizimia?"

Nilitaka kufoka. Nilitaka kumuuliza nani amemwambia anakufa, nani amemjaza maneno hayo, kama ninavyofokaga nyumbani. Mdomo ulifunguka, kikatoka kitu kingine. Nikasema, "Watazima, mwanangu. Wote."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, ametosheka. Kisha akanigeukia.

"Lakini wewe usizime, Mama. Isije ikakataa kuwaka, ukabaki barabarani peke yako."

Nikamwambia ile sasa inawaka, nimeshajua ugonjwa wake, ile imepona. Akanitazama vilevile alivyokuwa akimtazama fundi, bila kupepesa. Halafu akaomba maji, nikamshikia kikombe.