Mjukuu wangu anataka nimsomee dua apande kitu kisicho na breki

Admin, jina langu libaki kwako, na mtaa usiutaje, sema Tabata inatosha. Mie ni bibi wa miaka sitini na nane. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayeona herufi imepinda anyamaze asome. Sijaja kufundishwa kuandika. Nimekuja kwa sababu nina hasira na sina pa kuiweka.

Nina mjukuu, mwanaume mzima wa miaka ishirini na saba, nimemlea tangu binti yangu afariki. Tumuite Saidi, si jina lake. Ni fundi wa kuchomelea, ana kibanda chake Buguruni. Mageti anajua, madirisha anajua, na mageti ndiyo yanatulisha. Mwaka jana akaona kwenye simu picha za Wazungu wa kale waliokuwa wakishindana mbio za pikipiki kwenye uwanja uliotandikwa mbao, umeinuka pembeni kama bakuli. Pikipiki zenyewe ni kama baiskeli iliyofungwa injini. Basi ugonjwa ukamwingia. Mageti ya watu yamelala, yeye anakunja mabomba.

Nisimdhulumu, mkono anao. Ya kwanza alipoileta uani niliizunguka mara mbili bila kusema kitu, na mie kukaa kimya si kawaida yangu. Tangi la mafuta refu, jembamba, limelala chini ya bomba la juu kama samaki. Usukani umeinama, magurudumu meupe, kiti cha ngozi kashona mwenyewe. Injini kaitoa kwenye mashine ya kuvuta maji. Unapiga pedali, injini inadaka, unakwenda. Nilifukiza ubani, nikaisomea dua, nikamwagia maji gurudumu la mbele, ndipo akapanda. Ya pili hivyo hivyo. Kwetu kusini nilikozaliwa, chombo kipya hakianzi kazi mpaka mkubwa akiombee, na Saidi nimemlea hivyo. Zote mbili zilikuwa na breki.

Sasa kuna hii ya tatu, ya mteja wa Mikocheni, mtu mzima mwenye mvi zake, anaitaka iwe kama zile za kwenye picha kabisa. Sikuelewa maana yake mpaka siku Saidi aliporudi nyumbani kiatu kimoja kimeliwa soli, soksi inaonekana. Nikamuuliza kaburuzwa na nani. Akasema alikuwa anaijaribu kwenye mteremko, akitaka kusimama anakanyaga chini. Nikadhani breki imekatika.

"Bibi, hizi hazikuwaga na breki. Ndivyo zilivyo."

"Na hao waliozipanda wako wapi?"

"Walishakufa, Bibi. Ni zamani sana."

"Umeona sasa."

"Wangekufa hata kwa uzee, Bibi."

Hivyo ndivyo ninavyojibiwa ndani ya nyumba yangu. Na siku hiyo injini ilikuwa bado haijafungwa. Kiatu kililiwa kwa mteremko mtupu.

Nikamwambia aweke breki, akasema itaharibu sura. Nikamwambia basi aifiche huko nyuma, akasema mteja ataiona. Mteja alipokuja nikamkabili. Akanisalimia vizuri, shikamoo mama, akaniambia nisiwe na wasiwasi kwa sababu yeye haendeshi, ataiweka sebuleni wageni waitazame. Moyo ukatulia. Kumbe hajamaliza. Jumapili, kabla haijaingia sebuleni, atawaita rafiki zake kwenye uwanja wa ghala la ndugu yake, na Saidi ataikimbiza wapige picha. Uwanja una ukuta pande zote. Yeye na mvi zake atakaa kwenye kiti na soda mkononi. Wa kupanda ni wangu.

Nikasema kama ni hivyo, dua sisomi. Nilijua nimemshika pabaya, maana Saidi hawezi kuwasha chombo ambacho sijakiombea. Na kweli akakwama. Akawa anaizunguka, anaipangusa, anaketi juu yake, haiwashi. Anakula, anatoa sahani, anairudia. Mie nikatulia, nikingoja aje na breki mkononi.

Juzi nikasikia amekwenda kwa jirani yangu, tumuite Mama Zuhura, kumwomba amsomee yeye. Mwanamke ambaye mie nikiumwa hata pole hatumi. Na amekubali. Tulipokutana bombani akaniambia kwa sauti, watu wasikie, "Shoga, kijana hanyimwi dua." Nikamjibu kwamba wanawe wanauza vocha, wamekaa chini ya mwamvuli, hakuna anayepanda vitu vya marehemu. Nilichota maji yangu nikaondoka.

Nilipomkabili Saidi nilitukana nikachoka. Yeye hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Bibi," akasema, "hii ndiyo kazi ya kwanza mtu kanipa ambayo si geti. Nilitaka uniombee wewe. Ukikataa, nitatoka na dua ya mtu mwingine, lakini nitatoka."

Sasa nyie mnaosoma, msiniambie nikubali tu yaishe. Nikisoma, nimemruhusu. Nikinyamaza, atapanda na dua ya Mama Zuhura, na likitokea la kutokea, mtaa mzima utasema bibi yake alimnyima radhi kwa kiburi. Na hata nikiketi nikanyanyua mikono, Mungu nimwambie nini? Nimuombe akisimamishe kitu ambacho mjukuu wangu amekitengeneza kwa makusudi kisisimame?

Jumapili haiko mbali. Nishaurini, nifanye nini, maana mdomo wa kuisoma dua hii haufunguki, na ule wa kumkatalia umeanza kuchoka.