Bafle ya jirani inanyamaza

Leo bar ya jirani yangu imenyamaza, na sasa njo ninaogopa.

Munajua bafle ya muziki ya ile bar, kwa Mama Solange, inaanza kulia asubui saa mbili. Baba yangu ni mashinisti wa treni. Anaendesha usiku, na muchana hana namna ya kulala. Juma ilipita alisinzia mbele ya sahani ya bukari, mukono ndani ya mboga.

Muntu mwenye kuendesha treni.

Basi tukaandika barua kwa komini, ofisi ya serikali ya mutaa, jirani batano. Bakatuambia: majina yenu haitatoka hapa.

Leo saa sita agent wa komini anafika na karatasi. Anasoma, hakuna muntu anasikia, muziki iko juu sana.

Anasema: "Mama, zima. Unipe mikro."

Nikafurahi, sidanganyi. Nilikuwa ku dirisha.

Anasoma sheria yote mu mikro, avenue nzima inasikia. Kisha anageuza karatasi, anaendelea:

"Benye kulalamika njo aba."

Jina yangu ilikuwa ya kwanza. Na numero ya nyumba.

Mama Solange hakukasirika. Aliangalia ku dirisha yangu, akainua mukono polepole, kama kusalimia. Bantu bote ku meza bakageuka.

Sasa ni saa kumi, kimya kabisa. Baba angelala muzuri. Lakini amekaa ku kiti nyuma ya mulango, na viatu ku miguu.

Jirani bane tulioandika pamoja, naona ku simu muko en ligne.

Mbona hamujibu?