Tulivyomzika Pitia Vichwa Wazi

Mwanangu, nakumbuka siku tuliyomzika Pitia, kwa sababu ndiyo siku tuliyompoteza Wani, na Wani mpaka leo yuko hai. Usinikodolee macho. Kuna watu wanazikwa na kilio kinaisha. Kuna wengine wanabaki uani kwako, wanakula na kulala, na wewe unawalilia kila kunapokucha. Nimesikia umeanza boda boda pale sokoni Konyo Konyo. Nimesikia pia kwamba helmeti yako unakivalisha kioo cha pikipiki badala ya kichwa. Basi kaa nikusimulie, hata kama una haraka.

Mimi na Wani ni wa tumbo moja, yeye mdogo wangu. Vita vilitupeleka Kenya tukiwa wadogo, tukakulia Kitale, na amani ilipokuja tukarudi Juba tukiwa vijana wenye nguvu na wasio na kazi. Tukaingia boda boda. Katika steji yetu yote, kijiwe tulichongojea abiria, Wani peke yake alivaa helmeti. Aliivaa hata akienda kununua chapati ng'ambo ya barabara. Wenzetu walimwita Rubani. "Rubani, leo unatua Nairobi ama Khartoum?" Naye anacheka tu, anakaza mkanda chini ya kidevu. Alikuwa na akili nyepesi sana mtoto yule wa mama yangu. Abiria akija na Kibari anajibiwa Kibari, akija na Kiarabu cha Juba, Kiingereza au Kiganda, Wani anacho, na mzaha juu yake. Mkewe, Keji, alikuwa na mimba ya kwanza.

Pitia alikuwa mwenzetu wa steji. Alianguka kwenye barabara ya Nimule, karibu na Nesitu, akikwepa mbuzi. Hakuvunjika hata kidole. Kichwa ndicho kilichopiga lami, akafa hapo hapo.

Sasa unajua sisi watu wa boda boda na mazishi yetu. Mwenzetu akifa, tunakata matawi tunayafunga mbele ya pikipiki, tunapiga honi kutoka kwao mpaka makaburini. Yupo anayesimama juu ya kiti, yupo anayeachia mikono. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, na sisi tuliifanya harusi kwelikweli. Siku zile msafara huo ulikuwa na sharti moja: mbele ya jeneza hakuna kuvaa kitu kichwani. Mwanamume akipita karibu na maiti huvua kofia, na kwetu helmeti ilikuwa kofia tu.

Tulikusanyika mtaa wa Juba Na Bari, nyumbani kwa baba yake Pitia. Jeneza lilikuwa limeshapakiwa kwenye gari. Mwenyekiti wa steji akamwona Wani na helmeti yake.

"Ya Rubani, toa hiyo kitu. Unaogopa Pitia atakukata kichwa?"

"Si kuogopa," Wani akasema. "Mimi naendesha."

"Khalas, basi baki hapa na wamama. Sisi tunaenda kuzika ndugu yetu."

Watu wakamgeukia. Wani aliliangalia jeneza, akafungua mkanda, akaitundika helmeti kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa kando yake, kichwa wazi kama wengine, nami niliona amefanya vizuri. Nilifurahi hata, kwamba hatimaye mdogo wangu ameacha kututia aibu.

Hatukufika mbali. Kwenye kona moja gari la maji lilikuwa linarudi nyuma, Wani akafunga breki, gurudumu likateleza kwenye changarawe. Mwendo ulikuwa mdogo, mwanangu, mtoto wa shule angekimbia akatupita. Alianguka kiubavu na kichwa kikapiga ukingo wa mtaro. Mlio wake ninao mpaka leo masikioni, sitaki kuueleza. Helmeti ilibingiria mpaka katikati ya barabara, nzima, haina hata mkwaruzo.

Na Wani akainuka! Akajipangusa vumbi. "Ana kweis," akasema, niko sawa. "Twendeni, tusimwache Pitia." Tukampigia honi kwa furaha. Aliendesha mpaka makaburini, akashika koleo, akafukia, akaimba na wengine. Ungemwona usingedhani ana lolote.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nisikilize. Goti likiumia linapiga kelele papo hapo. Ubongo hauna tabia hiyo. Damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole, ikikusanyika, na wewe unaendelea kuongea na watu na kula ugali. Haya niliyajua baadaye. Siku hiyo, tuliporudi matangani, Wani alisema kichwa kinamuuma, akatapika chakula chote. Na sisi watu wa Juba, kila mtu ni daktari wa malaria. "Hiyo ni malaria," tukasema, tukampa vidonge, tukamtandikia mkeka kivulini alale. Alilala kweli. Alasiri Keji alikuja kumwamsha. Akamtikisa, akamfunua macho, mboni ya jicho moja imepanuka na ya pili imebaki ndogo. Akapiga yowe lililonitoa mbio kule kwa wanaume.

Daktari wa hapa mjini alisema fuvu lifunguliwe, na yeye hana vifaa. Tukampakia kwenye gari kuelekea Kampala, tukapita Nesitu, pale pale alipoanguka Pitia, kichwa cha Wani kikiwa mapajani mwa Keji, kando ya kile kitumbo cha mtoto wake. Walimpasua, akapona, kama kule ni kupona. Daktari wa Kampala aliniambia damu ile iliubana ubongo kwa saa nyingi, na sehemu iliyokufa haioti tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tulirudi naye. Lugha zake zote zilikuwa zimeondoka. Alibakiwa na maneno machache ya Kibari, yale ya mtoto anayeomba maji. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja. Yule mtu wa mzaha akawa mtu wa kurusha sahani ukutani, kisha analia, kisha anasahau kwa nini analia. Keji alimlisha, alimwogesha, alivumilia makofi yake. Wani alimwita mama. Keji alijifungua binti, akamweka kifuani pa baba yake, na Wani akauliza kwa ishara huyu ni wa nani. Baadaye Keji alirudi kwa watu wake Uganda. Simlaumu, na wewe usimlaumu. Binti yake alituachia sisi, ndiye huyu Rebeka aliyekuletea chai sasa hivi.

Wani alipokuwa ameletwa tu kutoka Kampala, baba yake Pitia alikuja kumwona. Alikuwa bado na kilio chake mwenyewe. Steji nzima ilikuwepo, tumejazana uani. Mzee alikuwa ameishi ukimbizini Uganda, Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alikataa kiti.

"Mimi iko na swali moja," akasema. "Mtoto yangu alikufa na nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Alikufa na kichwa. Mimi nilimuosha. Nilishika hiyo kichwa na mikono hii, ilikuwa laini mahali haifai kuwa laini. Halafu nyinyi mnakuja kumzika na vichwa wazi, mnasema heshima. Pitia aliomba heshima hiyo? Mimi niliomba?"

"Malesh, baba, utusamehe," mwenyekiti akasema. "Ni mila yetu."

"Mila gani? Juzi tu hapa hapakuwa na pikipiki. Hiyo mila nyinyi mlizaa jana, na leo imekula mtu. Mkubwa anasema, ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Nyinyi mliona ananyolewa, mkaenda mkavu."

Akaushika mkono wa Wani uliojikunja. Wani akamchekea, ute ukamtoka mdomoni, na mzee akaufuta kwa kanzu yake. Aliondoka bila kutuaga, na hakuna aliyethubutu kumsindikiza.

Nilimchukia siku ile, nikuambie kweli. Nilimwona mzee mkali asiyejua kufariji. Leo nina mvi kama zake, na kila asubuhi namvalisha ndugu yangu suruali, na sijapata neno la kweli kuliko yale aliyotupa.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Vaa helmeti, na ufunge mkanda, maana isiyofungwa hutangulia kuruka kabla yako. Ivae hata kama unakwenda hapo jirani, hata kama unakwenda polepole. Abiria wako mpe yake, na akilalamika kuhusu nywele zake mwambie nywele husukwa upya. Ukipiga kichwa, usiseme ana kweis. Nenda hospitali ungali unatembea, na mwenzako akipiga kichwa kisha akatapika, usimpe dawa ya malaria. Na watu wakikuambia uvue kwa ajili ya sherehe, au kwa ajili ya msiba, au ili uonekane mwanamume, waache wakucheke. Wani alichekwa miaka yote hiyo akawa mzima. Siku waliyoacha kumcheka ndiyo iliyommaliza.

Nenda sasa, jua linapanda na abiria wanangoja. Mungu wa baba zetu akutangulie barabarani, akulinde na magari ya maji na mbuzi na changarawe. Akurudishe nyumbani kila jioni, umwite mke wako kwa jina lake, na mtoto wako kwa jina lake. Amina.