Daftari la Ukaguzi la Mwalimu Verediana

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemtangulia Mwalimu Verediana kufika karakana ya chuo. Binti wa fundi baiskeli wa Mahenge, alikuja Ifakara kuolewa, akabaki kufundisha. Vijana kutoka Lupiro hadi Mlimba walijifunza kwake kufungua injini ya pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mikono, na kuifunga tena bila nati kubaki mkononi.

Kisha mashine ya kupura mpunga ikamkata mwanafunzi wake Fidel vidole viwili. Familia ikafungua kesi: mdaiwa wa kwanza chuo, wa pili Verediana. Hakuogopa sana. Sheria ya chuo ilisema mtumishi aliyefanya kazi kwa nia njema hatadaiwa yeye binafsi, chuo kingembeba.

Kesi ikiwa bado mahakamani, chuo kikavunjwa kwa sheria, mahali pake ikaja Mamlaka mpya. Siku kibao cha zamani kiliposhushwa, Verediana alisimama getini akikitazama. Aliyeahidi kumbeba amekufa, mzigo umebaki hai. Tangu hapo kila bodaboda iliyosimama karibu naye alidhani imemleta tarishi wa mahakama, kuja kuiandika nyumba yake ya Kibaoni ipigwe mnada.

"Dada Vere, umekonda kama kambale wa kiangazi," alimtania Kelestini, mtunza stoo. "Wenzako tunagombea makochi ya mkuu wa chuo, wewe unatetemeka!"

"Wewe jina lako halipo kwenye hati ya mashtaka. Cheka tu."

Wiki ya pili akaja Octavian, wakili wa Mamlaka, kijana mwenye umri wa wanafunzi wake wa mwanzo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba."

"Pumua, mama. Sheria mpya imeturithisha kesi zote za chuo. Na kinga yenu watumishi wa zamani inaendelea."

"Ya nia njema?"

"Hiyohiyo. Naomba tu daftari la ukaguzi. Kama ulikagua mashine siku ile, hakuna wa kukugusa."

Alilitoa, akaliweka mezani. Ajali ilitokea Alhamisi. Sahihi ya Alhamisi aliiweka Jumatatu, pamoja na za wiki nzima, kama walimu wote wa karakana walivyozoea: "kava la mkanda lipo", mara tano, kwa kalamu moja. Jumatano kava hilo la kukinga mikono lilifunguliwa mkanda ubadilishwe, halikurudishwa. Alhamisi hakuangalia. Asubuhi ile Fidel aliuliza, "Niwashe, mwalimu?" Akamjibu, "Washa."

Octavian alisoma mstari wa Alhamisi, akatabasamu. "Umepona, mwalimu." Akaanza kulifunga daftari.

Angenyamaza, yangeisha. Nyumba ingebaki. Na Fidel angeambiwa mbele ya hakimu kwamba kava lilikuwepo, kwamba kosa ni la mkono wake mwenyewe.

Verediana akaweka kidole kati ya kurasa.

"Soma na Ijumaa."

Kijana akasoma. Tabasamu likamwisha polepole.

"Kava lipo. Umesaini." Akainua macho. "Ijumaa mashine ilikuwa wapi?"

"Polisi. Waliichukua Alhamisi jioni."

"Mama, unajua unachonionyesha?"

"Najua."

Nje bodaboda ikasimama. Verediana alishtuka, kama kila siku, lakini kidole hakukiondoa.