Baraka Juu ya Boneti Nyeusi

Mdogo wangu alifika nyumbani kwetu Matongo siku ya Alhamisi, saa saba mchana, akiendesha gari jeusi la spoti, la milango miwili, la chini kiasi kwamba jogoo wetu alitazamana nalo kwanza kabla ya kukimbia. Alikuwa amelipokea Sirari asubuhi hiyo na alitakiwa kulifikisha Natta kesho yake kabla ya saa sita. Gari lilikuwa la bosi wake, mwenye kambi ya watalii. Huu ulikuwa mwaka wa tisa wa mdogo wangu kumfanyia kazi ya udereva.

Mimi nilikuwa nyumbani wiki hiyo kwa sababu ya goti la mama. Nilikuwa wa kwanza kumfikia, na neno lake la kwanza halikuwa salamu.

"Dada, usiliguse."

Alinieleza harakaharaka, akiwa bado ameshika usukani. Rangi ilikuwa mpya kabisa na haikuwa imevishwa ile plastiki angavu ya kuikinga. Fundi wa kuivisha alikuwa anatoka Arusha, angefika Natta Ijumaa hiyohiyo. Mpaka hapo gari lisifutwe kwa kitambaa kikavu, lisiegeshwe chini ya mti wenye ndege, wala lisifunikwe, maana vumbi likibanwa chini ya turubai husugua kama msasa. Kwenye kiti cha pili alikuwa na chupa ya sabuni na vitambaa vinne laini ndani ya mfuko uliofungwa. Njia nzima, kila alipoona lori mbele alirudi nyuma na kusubiri, ili asirushiwe kokoto. Bosi alikuwa amemwambia kwenye simu, "Likifika na mchubuko hata mmoja, acha funguo getini uende kwenu."

"Sasa huku umepitia nini?" nilimuuliza.

"Mama. Goti. Nisipopita leo nitapita lini?"

Mama alikuwa ameshatoka mlangoni, amejishikiza kwenye fimbo. Aliliona gari, akamwona mwanawe ndani yake, akapiga vigelegele. Sikuwa nimemsikia akipiga vigelegele tangu aanze kuumwa. Majirani walichungulia, kisha wakaja. "Mwanangu amenunua gari!" aliwaambia, na mdogo wangu akashuka, akafunga mlango wa gari kwa vidole viwili.

Baba alitoka zizini. Hapa lazima niseme kitu kuhusu baba. Kila alipokwenda mnadani kulikuwa na mzee mmoja wa rika lake aliyemuuliza kama mwanawe bado anaendesha magari ya watu. Baba alikuwa akirudi na jambo hilo nyumbani, hasemi, lakini tulilijua kwa jinsi alivyokula. Sasa alilizunguka gari taratibu, mikono nyuma, kama anavyomzunguka dume kabla ya kutaja bei.

"Ni lako?"

Mdogo wangu aliangalia boneti. "Nimekuja nalo, baba. Shikamoo."

"Marahaba," baba alisema. Alilichukua kama jibu. Nilisimama hatua tatu kutoka kwao na nilisikia kila neno.

Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakipita kwenda mgodini walizima pikipiki zao.

"Mura, hii gari wameikata miguu?"

"Ikikutana na tuta pale senta itapanda au itaomba msaada?"

Mmoja alinyoosha mkono. "Tafadhali usiguse," mdogo wangu alisema.

"Eeh! Tajiri mpya ameanza na ukali!"

Watu walicheka. Baba pia alicheka, na katika kicheko hichohicho alimwita ndugu yake akamkamate beberu.

Hapo ndipo nilipojua kitakachofuata. Katika ukoo wetu, kitu kipya kitakachobeba watu hakitumiki kabla hakijafunguliwa. Nyumba hufunguliwa hivyo, dume la kwanza la zizi hufunguliwa hivyo. Mbuzi huchinjwa, na yale majani mabichi yaliyosagika tumboni mwake huchukuliwa kwa kiganja na kupakwa na mwenye mji. Hayafutwi. Huachwa yakauke na kudondoka yenyewe, na anayeyafuta siku hiyohiyo ameondoa kilichoombwa.

Nilimfuata mama jikoni. "Mama, lile gari…"

"Usianze."

"Sijaanza, nataka tu kukwambia lile gari si…"

"Mwanangu," alisema, na hakunitazama, alikuwa akipepeta mchele, "niachie leo tu. Kesho utaniambia unachotaka."

Kwa baba sikuweza kwenda. Binti aliyeolewa hasimami mbele ya wazee wakati mbuzi amelala chini. Nilimwita mdogo wangu nyuma ya ghala nikamwambia aseme yeye, ana nafasi ya dakika kumi hivi, mbuzi bado hajachunwa.

"Nikisema sasa, baba ataenda wapi na watu wote hawa?" alisema. "Yatakuwa laini, dada. Ni majani tu. Asubuhi na mapema nitayamwagia maji mengi kabla sijagusa, yatateleza."

Aliyasema hayo kama anayenituliza mimi.

Baba alipaka kwa kiganja kizima. Alianza kwenye boneti, akapanda kwenye paa, akashuka milango yote miwili, huku akiomba kwa Kikurya: barabara zikupokee, chuma kisikugeuke, wanaokuonea wivu wapite pembeni. Nilisimama na wanawake, na nilisikia sauti ndogo ambayo nadhani wengine hawakuisikia, ya mchanga. Mbuzi wetu hula chini, kwenye nyasi zenye vumbi la barabara ya mgodi. Kila kiganja kilipopita kilikwaruza kidogo. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima. Vidole vyake vilikuwa vikikunjuka na kujikunja.

Jua la saa tisa lilifanya kazi iliyobaki. Kijani kiligeuka kahawia, kahawia kikapasuka. Nilitoka na beseni la maji, nikajifanya nataka kuwafukuza nzi waliokuwa wametua juu yake. Baba, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akila ini na wenzake, alinyoosha kidole bila kusimama. "Rudisha maji hayo." Niliyarudisha.

Asubuhi niliamka saa kumi na mbili nikamkuta mdogo wangu uani, ndoo mbili mkononi, anaelekea kisimani, kwa sababu alitaka maji yasiyo na udongo wa dumu. Alitembea upesi. Mimi niliingia kumsaidia mama kuamka, na kumfunga goti huchukua muda. Nilipotoka, shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amepiga magoti mbele ya gari. Alikuwa na gunzi la mahindi mkono mmoja na kibuyu cha majivu pembeni. Alisugua boneti kama anavyosugua masufuria yake, ambayo kijiji kizima huyasifu: kwa miduara, akiweka nguvu ya bega.

"Shangazi!"

"Umeamka? Nimemuanzia kijana. Atafika kazini kwake amechelewa kwa ajili ya uchafu wetu?" Alisogea nyuma akalitazama. "Hii ngozi yake ni ngumu. Lakini inatoka."

Boneti nzima ilikuwa na miduara ya kijivu, mmoja ndani ya mwingine. Mdogo wangu alitokea na ndoo zake. Aliziweka chini bila kumwaga hata tone. Alimwangalia shangazi, mwanamke aliyemlea miaka miwili mama alipokuwa amelazwa, mikono imejaa majivu.

"Asante, shangazi," alisema.

Kisha alichukua vitambaa vyake vinne laini, akaosha sehemu zilizobaki, polepole, kutoka juu kwenda chini, kama alivyofundishwa. Mimi nilimmiminia maji. Kwenye milango, majani yalipotoka, mistari ya vidole vya baba ilibaki pale, mitano mitano.

Aliondoka saa mbili. Baba alimshika bega dirishani. "Sasa hakuna kitakacholigusa."

Alirudi Jumapili, amebebwa na bodaboda, begi moja mapajani. Baba alikuwa ametoka tu kanisani na alimpokea getini kwetu kabla sijafika.

"Gari liko wapi?"

"Limebaki Natta, baba."

"Lilipata ajali njiani?"

"Hapana."

"Mtu alikugonga? Polisi walikusumbua? Daraja la Mara ulivuka salama?"

"Nilivuka salama."

"Unaona," baba alisema, akageuka kunitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyebisha. Akampokea begi, likawa zito kuliko alivyotarajia, akalishika kwa mikono miwili. Mama aliuliza kutoka ndani mwanawe anakaa siku ngapi safari hii, ajue aloweke maharage kiasi gani.

Mdogo wangu aliniangalia. Nilisema nitaloweka mengi.